Cheo Hakirithiwi Pamoja na Kibao

Wiebke Harmsen alifungua duka lake la picha kila asubuhi wakati mwokaji wa jirani alipokuwa akipanga mikate dirishani. Alifungua mapazia, akafuta kioo, kisha akawasha taa moja tu. Taa nyingine zilingoja wateja.

Siku moja mteja wa kwanza alikuwa Bibi Janssen. Alikuja na kofia ya sufu, naye alihitaji picha ya pasipoti.

"Tafadhali vua kofia, Bibi," alisema Wiebke.

"Nywele zangu zimelala vibaya."

"Pasipoti haitaki kofia. Wala tabasamu haitaki. Funga mdomo, utazame hapa."

"Basi watu wa mpakani watanijuaje?" aliuliza Bibi Janssen. "Mimi hucheka kila saa. Mtu aliyenuna hivi hata mimi simjui."

Wiebke alicheka, akasogeza taa kidogo, akapiga. Picha ilitoka safi. Bibi Janssen aliitazama kwa muda mrefu.

"Nimenuna, lakini nimenuna kwa heshima," alisema. "Asante, Fundi Mkuu."

Mji mzima ulimwita hivyo. Wiebke alikuwa amefanya kazi katika duka lile tangu alipotoka shuleni. Alipiga picha za harusi, za watoto wachanga, za ng'ombe walioshinda mashindano, na za wazee waliotimiza miaka mingi ya ndoa. Fundi mkuu wa kweli alikuwa baba yake, Mzee Tjark, aliyeishi orofa ya juu. Miaka ya karibuni mikono ya mzee ilianza kutetemeka, na mkono unaotetemeka haushiki kamera. Kwa hiyo majira ya kuchipua yaliyopita alimkabidhi binti yake duka lote.

Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha zamani: "Tjark Harmsen, Fundi Mkuu wa Picha." Wiebke alimwita mchoraji wa vibao. Mchoraji alifuta "Tjark", akaandika "Wiebke". Maneno mengine aliyaacha kama yalivyokuwa. Hakuna aliyeona kasoro yoyote.

Aliyeiona ni Gesche Poppinga.

Gesche alikuwa msafisha dohani, naye aliishi nyumba ya tatu kutoka dukani. Kila mwaka alikuja kukagua dohani na mtambo wa kupasha nyumba joto. Alivaa nguo nyeusi zenye vifungo vya shaba, kama wasafisha dohani wote wavaavyo. Mwaka huo Wiebke alipomwona mlangoni alinyoosha mkono, akagusa kifungo kimoja, maana huko husemwa kwamba kumgusa msafisha dohani huleta bahati.

"Gusa, lakini usiking'oe," alisema Gesche. "Wiki iliyopita mcheza bahati nasibu mmoja nusura aondoke na koti langu."

Alipomaliza kazi walikaa nyuma ya studio kunywa chai. Wiebke alitia bonge la sukari katika kila kikombe, akamimina chai, nayo sukari ikalia kwa kupasuka. Kisha akadondosha malai ukingoni. Hakuna aliyekoroga, kama ilivyo desturi ya huko.

"Hongera, shoga," alisema Gesche. "Lakini nimekasirika. Mbona hukunialika?"

"Kukualika wapi?"

"Kwenye sherehe. Nimeona kibao. Umekuwa fundi mkuu. Ulifanya mtihani lini?"

Wiebke alicheka. "Mtihani gani tena? Kila mtu ananiita hivyo."

"Mimi pia watu huniita malaika wa bahati. Hata hivyo sijajiandikisha mbinguni."

Wiebke aliweka kikombe chini. "Gesche, unatania?"

"Laiti ningekuwa natania. Sikiliza. Duka unaruhusiwa kuendesha. Kazi ya picha haimlazimishi mtu awe fundi mkuu. Unajiandikisha kwenye chemba ya ufundi, ile ofisi inayosimamia mafundi, unafanya kazi. Kazi yangu mimi ni tofauti. Mimi nikikosea, nyumba inaungua. Wewe ukikosea, bibi harusi ananuna tu."

"Mabibi harusi wa huku huwajui wewe. Afadhali moto."

Gesche alicheka, kisha uso wake ukatulia tena. "Lakini neno lenyewe lina mlinzi wake. Fundi mkuu ni mtu aliyefaulu mtihani wa ufundi mkuu. Baba yako alifaulu. Mimi nilifaulu, na nililia kabla na baada. Anayelitumia neno hilo bila kufaulu anavunja sheria. Anaweza kutozwa faini."

"Nimefanya kazi hii zaidi ya nusu ya umri wangu!"

"Najua. Mimi nakujua, na Bibi Janssen anakujua. Mgeni hakujui. Mgeni anasoma kibao, anaamini kwamba kuna watu waliokaa mbele yako wakakupima. Kibao chako kinamwambia jambo ambalo halikutokea."

Maneno hayo yalimchoma Wiebke kuliko habari za faini.

"Tuanzie chini," alisema Gesche kwa upole. "Cheti cha ufundi wa kawaida unacho?"

Wiebke alitikisa kichwa. Alikuwa ameanza kama mwanagenzi wa baba yake, kama vijana wengine wote. Siku nyingine alikuwa dukani, siku nyingine katika shule ya ufundi. Kisha mama yake akaugua. Mtu alihitajika nyumbani, na mtu alihitajika dukani, na mtu huyo akawa Wiebke. Shule aliiacha. Mama alipofariki, hakurudi. Mtihani wa kumaliza uanagenzi hakuufanya kamwe.

"Sina cheti chochote," alisema. "Na mimi nilitaka mwakani nichukue mwanagenzi. Sina mtoto anayeipenda kazi hii. Nikizeeka nani ataendelea?"

"Kwa hali hii hutaruhusiwa kumfundisha mwanagenzi," alisema Gesche.

"Basi duka litakufa pamoja nami."

Gesche alitia kijiko chake ndani ya kikombe, ishara kwamba chai imemtosha. "Halijafa bado. Nenda kwenye chemba, kaulize. Wako pale kwa ajili ya maswali kama hayo."

Wakati wa chakula cha jioni Wiebke aliwaeleza watu wa nyumbani. Mume wake, Onno, alikuwa akichambua samaki wa kukaushwa. Mzee Tjark aligonga meza.

"Nani huyo anayethubutu kusema binti yangu si fundi?"

"Sheria, Baba."

"Sheria imewahi kumpiga picha mtoto anayelia?"

"Baba," alisema Onno, "ungefurahi kama mimi ningejiita nahodha kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa nahodha?"

"Wewe? Wewe hutapika hata kwenye kivuko!"

"Ndiyo hivyo. Wiebke hatapiki, lakini cheti hana. Cheo si kama kabati, kwamba mzazi akiondoka mtoto anabaki nalo."

Mzee alivuta sahani yake. Alikula samaki wake bila kumtazama mtu.

Kesho yake asubuhi Wiebke aliegemeza ngazi ukutani. Onno aliishika chini. Wiebke alifunika maneno "Fundi Mkuu wa Picha" kwa ubao mwembamba alioupaka rangi. Kilichobaki ni jina lake, na chini yake maneno mapya: "Mpiga Picha." Alisikia aibu, kana kwamba mji mzima ulikuwa madirishani. Kwa kweli aliyesimama pale alikuwa Bibi Janssen peke yake, na kofia yake.

"Wamekushusha cheo?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Nimejishusha mwenyewe, Bibi."

"Kwa nini?"

"Ili nipande vizuri."

Bibi Janssen alifikiri. "Mimi picha nitaendelea kupigiwa hapa hapa," alisema. "Lakini usianguke. Ngazi hiyo inayumba, na mumeo anatazama ndege."

Juma lililofuata Wiebke alikwenda kwenye chemba ya ufundi. Mshauri wake aliitwa Bwana Ulferts, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Wiebke alikuwa amejiandaa kukemewa. Bwana Ulferts alimkaribisha kiti tu, akasikiliza habari za kibao.

"Umefanya vyema kukifunika kile cheo kwanza, halafu ukaja," alisema. "Sasa tuitafute njia. Njia iko."

"Katika umri wangu? Nirudi kuwa mwanagenzi tena?"

"Hapana. Sheria inamkumbuka mtu kama wewe. Mtu aliyefanya kazi ya ufundi fulani kwa muda mrefu anaweza kufanya mtihani wa ufundi bila kupitia uanagenzi wote. Muda wake wa kazi uwe angalau muda wa uanagenzi pamoja na nusu yake. Wewe umeupita zamani."

"Kwa hiyo nakuja tu kwenye mtihani?"

"Unaomba kwanza. Pamoja na maombi, unatuonyesha kwamba kazi uliifanya kweli. Tunataka ushuhuda wa mwajiri wako. Aeleze umefanya nini na kwa muda gani. Ukifaulu, wewe ni fundi mhitimu. Baada ya hapo utasomea ufundi mkuu. Katika masomo hayo kuna sehemu ya kazi yenyewe, sehemu ya nadharia, sehemu ya biashara na sheria, na sehemu ya kumfundisha mwanagenzi."

"Mwajiri wangu ni baba yangu."

"Vizuri zaidi. Anakujua."

Wiebke alirudi nyumbani kwa moyo mwepesi. Mzee Tjark alichukua karatasi na kalamu, akajifungia chumbani. Muda si mrefu akatoka, akampa bahasha. Wiebke hakuifungua. Aliipeleka kwa Bwana Ulferts vilevile ilivyokuwa.

Bwana Ulferts aliisoma. Kisha akaigeuza, akatazama nyuma yake. Nyuma palikuwa patupu.

"Baba yako ameandika hivi," alisema. "'Wiebke amefanya kazi kwangu. Hakuna malalamiko.'"

"Basi?"

"Basi. Na sahihi."

Wiebke alihisi uso wake ukipata moto. Lakini Bwana Ulferts alikuwa akitabasamu.

"Mimi nimezaliwa huku huku," alisema. "Najua kwamba kwetu mtu asiyelalamikiwa amekwisha kusifiwa. Baba yangu mimi hakunipa hata sentensi hiyo. Lakini kamati haiwezi kupima ukimya. Inataka kujua kazi. Mrudie mzee. Mwambie aandike kama anamweleza mtu wa mbali ambaye hajawahi kukuona."

Mzee Tjark hakuelewa kosa lake.

"Wanataka nini tena? Nimesema hakuna malalamiko! Wajua ni watu wangapi ninaoweza kusema hivyo juu yao? Hata mwokaji hayumo!"

"Wanataka uwaeleze ninachojua, Baba."

"Mikono yangu inaandika nyoka. Keti wewe. Andika."

"Niandike mwenyewe habari zangu?"

"Nani mwingine aijuaye mashine hiyo? Andika."

Wiebke alikaa mbele ya kompyuta. Mzee alisimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni.

"Wiebke Harmsen hupiga picha za watu, za harusi na za bidhaa," alianza mzee. "Huandaa taa mwenyewe. Hurekebisha picha na kuzichapa. Huzungumza na wateja, hata wale wa kuchosha."

"Hilo la kuchosha nilifute?"

"Libaki. Ni kweli. Endelea. Mtoto akilia, yeye hangoji anyamaze. Hungoja apumue, maana kati ya kilio na kilio mtoto huwa na uso mzuri kuliko wote. Jambo hilo sikumfundisha mimi. Aliligundua mwenyewe."

Vidole vya Wiebke vilipunguza mwendo. Hakuwahi kujua kwamba baba yake aliliona.

"Andika tena. Anaujua mwanga kuliko mimi."

"Baba, hilo siandiki."

"Mwajiri ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Basi andika. Na lile neno 'kuliko' usiliruke."

Wiebke aliandika. Kisha akageuka na kiti. "Miaka yote hii hukuniambia."

"Nilikulalamikia?"

"Hapana."

"Basi."

Ukutani palikuwa pametundikwa cheti cha ufundi mkuu cha mzee, ndani ya fremu nyeusi. Wiebke alikitazama.

"Mama alipofariki, mbona hukunirudisha shule?"

Mzee aliegemea kiti. "Duka lilikuwa na kazi nyingi, na wewe kazi ulikuwa unaiweza. Nilijiambia kwamba cheti ni karatasi tu." Naye akakitazama kile cha ukutani. "Ni rahisi kukiita karatasi wakati chako kimetundikwa. Nilikukosea, mwanangu. Hilo usiliandike. Hilo ni lako."

Safari hii Bwana Ulferts hakugeuza karatasi kutafuta maneno mengine. Maombi yakakubaliwa.

Kisha yakaja masomo. Kazi ya mikono haikumtisha Wiebke. Vitabu vilimtisha. Mambo mengi aliyajua kwa vitendo, lakini majina yake hakuyajua, na mtihani uliyataka majina. Kila jioni Onno aliosha vyombo peke yake. Alisema sasa anazijua sahani zote kwa sura.

Gesche alimsaidia popote alipokuwa. Siku moja alikuwa juu ya paa la mwokaji, ameshika brashi yake. Wiebke alipita chini.

"We, mwanafunzi!" aliita Gesche. "Ukitaka kuweka picha ya mteja dirishani, unahitaji nini?"

"Ruhusa yake!" alijibu Wiebke kutoka barabarani.

"Kwani picha si yako? Si wewe uliyeipiga?"

"Kazi ni yangu, sura ni yake! Kuionyesha kwa watu lazima akubali!"

"Na akiwa mtoto mdogo?"

"Wazazi wake!"

Mwokaji alitoka mlangoni, unga mikononi. "Mnagombana?"

"Tunasoma," alisema Wiebke.

"Someni polepole. Wateja wangu wanafikiri nimeiba picha."

Siku ya mtihani ilifika. Sehemu ya kuandika ilikuwa ngumu. Hesabu za biashara zilimtoa jasho, lakini alizimaliza zote. Katika sehemu ya vitendo alipewa kazi ya kumpiga picha mzee mwenye upara na miwani minene. Wanakamati walisimama kando wakitazama. Wiebke aliweka taa mbele, akatazama, akaipandisha na kuisogeza upande. Akamwomba mzee ashushe kidevu kidogo tu.

"Kwa nini umeisogeza taa?" aliuliza mwanakamati mmoja, mama mwenye nywele fupi.

Zamani Wiebke angejibu, "Kwa sababu sasa inapendeza." Sasa alikuwa na jibu lingine.

"Mwanga ukipiga kioo hurudi kwa pembe ile ile uliyoingilia," alisema. "Taa ilipokuwa mbele, mwanga wake ulirudi kutoka kwenye miwani moja kwa moja hadi kwenye kamera, ukaficha macho. Nimeipandisha ili mwanga urudi chini, mbali na lenzi. Macho yake ni mazuri. Ingekuwa dhambi kuyaficha."

Mzee mwenye upara aliona haya. "Laiti mke wangu angekusikia," alisema, na Wiebke akapiga wakati ule ule.

Matokeo yalipotoka, Wiebke alikuwa amefaulu. Katika vitendo alipata alama ya juu kabisa. Katika hesabu alipata ile iitwayo "ya kutosha", ya mwisho ya kufaulu. Onno alisema alama ya kutosha inatosha, ndiyo maana inaitwa hivyo.

Sherehe ya mafundi wapya ilifanyika katika ukumbi wa mji. Watu wa ufundi mbalimbali walikaa pamoja: maseremala, watengeneza nywele, wapaka rangi. Karibu wote walikuwa vijana. Wiebke alikaa kati yao na nywele zake zilizoanza mvi. Kijana mmoja alimuuliza kama amekuja kumsindikiza mwanawe.

"Nimekuja kujisindikiza mwenyewe," alisema.

Mwenyekiti wa chama cha mafundi alipanda jukwaani. Alisema maneno ambayo mafundi wa nchi hiyo wameambiwa tangu zamani: kwamba uanagenzi wao umekwisha, na kuanzia saa hiyo wanatamkwa huru. Aliita jina moja moja. Alipoita "Wiebke Harmsen, mpiga picha," sauti ya Gesche ilisikika hadi nje. Alikuja na nguo zake nyeusi za kazi, na watu wa safu nzima walikuwa wamekwisha kumgusa vifungo.

Wiebke alishika cheti kwa mikono miwili. Sasa alikuwa fundi mhitimu, na hakuna aliyemwazima cheo hicho. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya masomo ya ufundi mkuu yatakayoanza majira ya baridi. Tena kulikuwa na msichana mmoja wa mjini aliyekuja dukani mara mbili kuuliza kuhusu uanagenzi. Wiebke alimjibu ukweli: "Bado siruhusiwi. Ngoja nifaulu, kisha uje wa kwanza."

Baada ya sherehe mafundi wapya walipangwa ngazini kwa picha ya pamoja. Mpiga picha wa gazeti alikuwa kijana. Jua lilikuwa nyuma yao. Wiebke aliona mara moja kwamba nyuso zote zitakuwa nyeusi. Alitoka kwenye mstari ili amweleze.

"Wiebke!" aliita Mzee Tjark kutoka chini. Alikuwa ameshikwa mkono na Onno. "Rudi mahali pako! Leo wewe ni wa kupigwa, si wa kupiga!"

Watu wakacheka. Kijana wa gazeti akacheka pia, akatazama jua, akawaomba wote wahamie upande wa kivulini.

Wiebke alirudi kwenye mstari. Maisha yake yote alikuwa upande wa pili wa kamera. Sasa alisimama mbele ya lenzi, cheti kifuani, asijue mikono yake aifanyeje wala atazame wapi.

"Mama wa katikati," alisema kijana, "inua kidevu kidogo tu."

Akainua.